Msaada Ukae Wapi?

Nyuma ya zahanati, pale ukuta unapokata kona kuelekea duka la madaftari, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa la wagonjwa. Lilipovunjika mguu likatupwa nje. Breki, dereva mstaafu wa malori, akalipigilia mguu mpya wa mbao za kreti, na tangu siku hiyo likahesabika kuwa lake, ingawa zile namba moja hadi tano zilizopakwa rangi pa kukalia bado zinasomeka. Breki hukaa namba moja kwa sababu, asemavyo, dereva hakai nyuma. Chaki, mwalimu aliyestaafu miaka minane iliyopita na bado anatembea na kipande cha chaki mfukoni, hukaa namba tatu, katikati, awaone wote. Pima, fundi wa nguo, hakai benchini kabisa. Cherehani yake ipo ubavuni, na huchangia maneno bila kuinua macho kwenye mshono. Kahawa ni ya Shangazi. Ni shangazi wa mtu mmoja tu pale kijiweni, lakini wote humwita hivyo. Na mtu huyo mmoja ndiye aliyeketi namba nne asubuhi hiyo, mtoto amelala mgongoni, kurasa thelathini zilizochapishwa zipo mapajani, na simu ameishika mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Walimwita Bi Bonyeza. Jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa mpokea wagonjwa pale dirishani zahanati ilipoletewa programu ya kompyuta ya kuandika kadi za watoto. Programu ilikuja na maelezo ya mtaalamu, marefu, ambayo hata daktari aliyasoma mara mbili akayaacha. Manesi wakakwama. Basi yeye akachukua karatasi na kalamu, akaandika: bonyeza hapa, subiri, ukiona jina la mtoto bonyeza pale. Akaibandika kando ya skrini. Wenye programu walipokuja kukagua, wakakuta zahanati nzima inafanya kazi kwa karatasi ile. Wakampa kazi ya majaribio, miezi mitatu, aandike maelezo ya msaada ya programu yote, yasomwe katika zahanati arobaini. Yakisomwa, kazi ni yake. Yakikaa bila kufunguliwa kama yale ya kwanza, yanarudi kwa mtaalamu, naye anarudi dirishani; na dirishani walishamweka mtu mwingine.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

— Isome tena hiyo meseji ya bosi wako, — alisema Breki. — Polepole, kama unamsomea mtu aliyeko juu ya mlima.

Bi Bonyeza akasoma:

— "Kabla ya saa sita tunafunga kazi. Chagua maelezo ya msaada yakae vipi. Moja, faili la kupakua, lenye kurasa zote pamoja. Mbili, kurasa za mtandaoni. Tatu, faili la msaada la kukaa ndani ya programu, mtu anabonyeza alama ya kuuliza linafunguka. Nataka moja tu."

— Moja tu! — Shangazi aliguna. — Kwani anagawa pipi?

— Swali rahisi, — alisema Chaki, akajiweka sawa. — Namba moja. Hicho ni kitabu. Kina mwanzo, kina kati, kina mwisho. Mtu anaanza ukurasa wa kwanza, anamaliza wa thelathini, anakuwa ameelimika.

— Mwalimu, — alisema Pima, — nani akikwama anasoma kurasa thelathini? Mtoto yuko kwenye mizani analia, nesi hajui abonyeze wapi, wewe unamwambia aanze na utangulizi!

— Utangulizi ni muhimu.

— Utangulizi wako ulikuwa unamaliza kipindi kizima. Mimi nimesoma darasani kwako, usinifanye niseme.

— Hukusoma, ulilala. Ulilala kwenye utangulizi, ndiyo maana mpaka leo unashona mfuko kabla ya suruali.

Benchi likacheka. Bi Bonyeza naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameona jambo. Tangu mtoto aliposinzia, Pima hakuwa amekanyaga pedeli hata mara moja. Alikuwa anapinda suruali ya mteja kwa mkono, sindano na uzi, kazi ya dakika tano akiivuta iwe ya nusu saa, ili cherehani isipige kelele. Hakuna aliyemwomba. Na wala hakutaka ajulikane, maana Bi Bonyeza alipomtazama, alijifanya anatafuta mkasi.

— Namba moja ina ubaya wake, Mwalimu, — alisema Bi Bonyeza. — Wakibadilisha kitu kwenye programu, lile faili ambalo mtu alipakua mwezi jana linabaki vilevile. Nesi anatafuta kitufe cha kijani, kumbe wenyewe walishakifanya cha buluu.

— Sasa umekuja kwangu, — alisema Breki. — Hiyo ni ramani ya barabara hiyo. Mimi nilipewa ramani mwaka nilioanza kazi, nikastaafu nayo. Humo kulikuwa na daraja ambalo maji yalishalibeba zamani. Siku moja nilisimamisha lori ukingoni mwa mto, nikaitoa ramani, nikaiambia: haya, pita wewe kwanza.

— Ikapita?

— Ilipita. Upepo uliichukua.

— Kwa hiyo mzee wangu unachagua namba mbili, — alisema Bi Bonyeza. — Kurasa za mtandaoni. Zikibadilishwa asubuhi, wote wanaona mpya asubuhi hiyohiyo.

— Nachagua hizo. Andika, tumalize, tunywe kahawa.

— Na mtandao ukikatika?

Breki akanywa kahawa.

— Zahanati nyingi mtandao ni wa kubahatisha, — aliendelea Bi Bonyeza. — Programu yenyewe inavumilia, inaweka kazi yako mpaka mtandao urudi. Lakini kurasa za mtandaoni hazivumilii. Mtandao ukikatika, unatazama skrini nyeupe.

— Namba tatu basi! — alisema Shangazi, akimmiminia. — Limo ndani, halikatiki, na programu ikibadilishwa nalo linabadilishwa humohumo. Mimi nimeshamaliza, mnabishana nini?

— Shangazi, hata mimi naipenda namba tatu. Ila juzi nimenakili faili hilo kwenye flashi, nikalijaribu kwenye kompyuta ya chumba cha mizani. Likafunguka vizuri. Kushoto vichwa vyote vimejipanga, kulia peupe, hakuna neno. Kumbe kompyuta haiamini faili lililotoka nje. Inakuonyesha majina ya kurasa, kurasa zenyewe inazificha.

— Kama mkahawa wa stendi, — alisema Breki. — Orodha ya vyakula ndefu mpaka mlangoni. Ukiagiza: kimekwisha. Ukiagiza: kimekwisha. Unabaki unakula orodha.

Mwalimu Chaki akatoa chaki mfukoni. Kila alipoitoa watu walijua somo limeanza.

— Nyie mnahangaika na faili. Tatizo si faili, tatizo ni msomaji. Programu isimfungulie mtu mpaka afanye jaribio. Maswali kumi. Akipata chini ya saba, kompyuta inajizima.

— Na wagonjwa? — aliuliza Shangazi.

— Wagonjwa watasubiri masahihisho.

— Mwalimu, utaua watu!

— Watakufa kwa utaratibu.

Pima akakata uzi kwa meno.

— Mimi nina jibu ambalo halihitaji umeme. Maelezo yashonwe kwenye aproni ya nesi. Kifuani. Herufi kichwa chini.

— Kichwa chini kwa nini?

— Ili yeye mwenyewe akiinama azione zimesimama. Anainama, anasoma, anainuka, anabonyeza. Mtandao haukatiki kwenye kitambaa. Programu ikibadilika, mnaniletea, nafumua.

— Kurasa thelathini kwenye aproni moja? — Bi Bonyeza aliuliza.

— Nesi mrefu zinamtosha.

— Na mfupi?

— Mfupi atavaa na koti.

— Kaa kimya wewe, — alisema Breki, akasogea mbele ya benchi, ishara kwamba sasa linakuja la dereva. — Wote mnaandika, mnaandika. Nani amewaambia mtu aliyekwama anataka kusoma? Lori langu likizama kwenye tope, mimi sikusoma kitu. Nilikuwa na utingo. Namwambia shuka. Anashuka, anatazama gurudumu, anasema: mzee, tumezama. Basi! Kila kompyuta iwe na utingo wake. Anakaa pembeni kwenye kigoda. Nesi akikwama anaita: utingo! Utingo anainama chini ya meza, anatazama, anasema: nesi, tumezama.

— Halafu?

— Halafu wote wawili mnajua kwamba mmezama. Hiyo ni nusu ya kazi.

Hapo mtoto akaamka, akaanza kulia kwa lile jua lililokuwa limepanda ukutani. Breki, bila kukatisha hotuba yake juu ya utingo, akavua kofia na kumfunika mtoto kichwani. Ilimfika mpaka puani. Kilio kikaishia ndani ya kofia.

Bi Bonyeza akatazama simu. Saa tano na nusu. Alimpapasa mtoto mgongoni huku akipitisha kidole pembeni mwa zile karatasi. Zilikuwa zimemchukua miezi mitatu. Aliziandika mtoto akiwa amelala, akasoma kila sentensi kwa sauti, na kila neno ambalo ulimi wake uligonga, alilitoa akaweka jepesi. Sasa zote thelathini zilikuwa zinangoja neno lake moja, na kadiri benchi lilivyomsaidia, ndivyo alivyozidi kutojua.

Geti la nyuma la zahanati likafunguka, akatoka nesi mmoja, binti mdogo, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Alikuwa amehamia pale wiki hiyo. Hakuna aliyemjua jina. Alisalimia kwa kupiga goti kidogo, akafuta macho haraka kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Shangazi alipitisha mkono juu ya vikombe, akakiruka cha kwanza chenye pengo, akakiruka cha pili, akachukua kile kizima.

— Kaa, mwanangu. Namba mbili haina mtu.

— Asante, shangazi. Nakaa dakika chache tu. Nina kina mama kumi na wanne ndani.

— Na umewaacha? — aliuliza Chaki, kwa sauti ileile ya ukaguzi wa mahudhurio.

— Siwezi kuwafanyia kitu, mzee wangu. Tangu saa tatu kompyuta imenikatalia neno la siri. Nimejaribu, nimejaribu, sasa imefunga kabisa. Mwenzangu zamu yake ni mchana. Kuna mama ametoka mbali kwa miguu, kila nikitoka ananiuliza, bado?

Nyuso zote zikamgeukia Bi Bonyeza, zimejaa fahari.

— Binti, umefika penyewe! — alisema Breki. — Huyu hapa ndiye aliyeandika msaada. Wa zahanati arobaini! Msomee!

Bi Bonyeza hakuhitaji kutafuta. Ulikuwa ukurasa wa kwanza, na ndio alioupenda kuliko wote. Aliuandika upya mara sita. Akausoma:

— "Umesahau neno la siri? Usiogope, humu ndani hakuna kilichopotea. Bonyeza maneno madogo yaliyo chini ya kisanduku. Andika namba yako ya kazi. Tarakimu nne zitakuja kwenye simu yako, ziandike. Kama umejaribu mara tatu na programu imefunga, usijaribu tena. Iache robo saa, itafunguka yenyewe."

Mabega ya nesi yalishuka.

— Robo saa! Kumbe inafunguka yenyewe? Mimi nimekuwa narudia kila dakika.

— Kila ukirudia, inaanza kuhesabu upya.

— Na mmeandika "usiogope," — alisema nesi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. — Sijawahi kuona kompyuta inamwambia mtu asiogope.

— Walitaka nilitoe neno hilo. Nikakataa.

— Ni maneno mazuri, dada. Nitayaona wapi?

— Nadhani yatakuwa ndani ya programu. Juu, upande wa kulia, kuna alama ya kuuliza. Unabonyeza.

Nesi akapuliza kahawa. Ilionekana ana neno na anaogopa kuwaudhi watu waliompa kikombe kizima.

— Samahani, mimi ni mgeni. Hiyo alama ya kuuliza naiona nikishaingia, sivyo?

— Ndiyo.

— Sasa kama nimeshindwa kuingia, huo msaada wa kuingia nitausoma wapi?

Sindano ya Pima ikasimama katikati ya kitambaa. Breki alikuwa wa kwanza kujikaza.

— Si kuna lile la kupakua?

— Kitufe cha kupakua kiko humohumo ndani, mzee, — alisema Bi Bonyeza taratibu.

— Na zile za mtandaoni?

— Zinaomba neno la siri lilelile.

— Ah, — alisema Breki. Akatafuta kofia yake kichwani, akakumbuka mtoto anayo.

Bi Bonyeza alihisi masikio yanapata moto. Miezi mitatu! Kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta ambayo mtu wa ofisini alishamfungulia. Aliandika akiwa ndani. Hata siku moja hakuwahi kusimama nje ya mlango ule autazame kama anavyoutazama mtu aliyefungiwa.

Simu ikalia. Saa sita kasorobo. Bosi wa programu.

— Bibie, umechagua?

Neno lilikuwa moja tu. Angesema "tatu," kazi ingefungwa, na kosa lile lisingejulikana leo wala kesho. Zahanati arobaini, nani angepiga simu kueleza kwamba ameshindwa kusoma kitu asichojua kama kipo? Akamtazama nesi. Alikuwa anakunywa haraka haraka, anaunguza ulimi, macho kwenye geti.

— Sijachagua, bosi. Kuna nesi hapa ana swali. Nakuomba umsikilize mwenyewe.

— Swali gani tena saa hizi?

Akabonyeza sauti ya nje, akamsogezea nesi simu. Nesi akauliza vilevile, kwa adabu ileile, akaanza na samahani.

Simu ikanyamaza. Benchi zima likaiinamia.

— Amekata, — alinong'ona Breki.

— Sijakata, — ilisema simu. — Ngojeni.

Wakasikia kiti kikisogezwa, na sauti ya bosi ikiwa mbali kidogo, akiuliza watu chumbani kwake: "Mtu akishindwa kuingia, ukurasa wa kuingia anausoma wapi?" Mmoja akajibu, "Si kwenye msaada?" Mwingine akaanza kucheka, akaacha ghafla.

— Darasa zima halijui, — alisema Chaki kwa raha kubwa.

— Bibie, — bosi alirudi, sauti imepungua ukali. — Leo hatufungi. Hapa hatuna jibu. Huyo nesi umempata wapi?

— Alikuja kunywa kahawa.

— Yule mtaalamu nilipomuuliza achague, alinijibu kabla sijamaliza sentensi. Jumatatu uje, na hilo swali uje nalo. Na ukipata mengine ya namna hiyo, yalete. Dirishani usirudi.

Akakata.

— "Dirishani usirudi"! — Pima alipiga meza ya cherehani. — Kazi hiyo, Bi Bonyeza! Umepata kazi!

— Tusiharakishe, — alisema Chaki. — Huenda amemaanisha aingilie mlangoni.

— Mwalimu, furahi hata siku moja!

— Nimefurahi. Nafurahi polepole.

Lakini Bi Bonyeza alikuwa hasikilizi. Aliuchomoa ukurasa wa kwanza katika zile karatasi, akaukunja mara moja, akampa nesi.

— Chukua. Ubandike ukutani, kando ya skrini, kwa nje ambako mtu anauona kabla hajagusa kitu. Na nenda sasa hivi. Tangu utoke hukuigusa tena, robo saa yako imeisha ukiwa hapa unakunywa kahawa.

Nesi akatazama saa, akaruka. Alitia mkono mfukoni atoe hela. Shangazi akamsukuma bega kuelekea getini.

— Nenda, nenda! Kina mama wanasubiri, wewe unahesabu sarafu.

Geti likajipiga. Breki akazitazama karatasi zilizobaki mapajani.

— Sasa kitabu chako kinaanzia ukurasa wa pili.

— Wa kwanza umeshaanza kazi, — alisema Bi Bonyeza.

— Lakini tusisahau, — alisema Mwalimu Chaki, akachora mstari kwenye saruji, — swali bado lipo. Nesi atabandika ukutani, sawa. Hapa. Na zahanati nyingine thelathini na tisa?

— Utingo, — alisema Breki.

— Aproni, — alisema Pima.

Shangazi akainua birika, akalitikisa, akaligeuza juu chini. Tone moja likaanguka kwenye jivu.

— Kahawa imekwisha, na nyie bado hamjafungua hata mlango.

Walikuwa wanajiandaa kumjibu wote kwa pamoja, dirisha la chumba cha mizani likasukumwa wazi juu ya vichwa vyao. Ndani kulikuwa na vilio vya watoto, benchi likiburuzwa, kisha sauti ya yule nesi mgeni, nyembamba lakini imesimama:

— Mama uliyetoka mbali, njoo na kadi.